Magufuli, Lowassa au Mama Mghwira? Mimi nimewapima kwa gunia la viazi

Mviringo wa Uyole – 17 Oktoba 2015, saa 2:14 usiku

Wakuu, salamu. Zimebaki siku nane na hapa kwetu Uyole hakuna habari nyingine. Ukipanda daladala, konda anataka kujua wewe ni wa Hapa Kazi Tu (CCM) au wa kuzungusha mikono (UKAWA) kabla hajakudai nauli. Nimechoka kubishana kijiweni na watu wanaoshinda kwa sauti, kwa hiyo nimeamua kuandika hesabu yangu yote hapa, mniumbue mkiweza.

Mnijue kwanza. Nalima viazi upande wa Isongole, ekari tatu na nusu, mbili kati ya hizo za kukodi. Kura yangu iko hapa Uyole, jimbo la Mbeya Mjini. Kadi ya kupigia kura, ile ya BVR, nimeisotea siku mbili kwenye foleni. 2010 nilimpa Dk. Slaa wa CHADEMA urais na Sugu wa chama hicho hicho ubunge. Kadi ya chama sijawahi kuwa nayo, kwa hiyo asije mtu kusema nimelipwa buku saba na CCM pale Lumumba, wala kwamba CHADEMA wa Ufipa wamenituma.

Wagombea urais ni wanane. Watano, Mungu anisamehe, hata nikipishana nao stendi ya Nane Nane sitawajua. Nabaki na Dk. Magufuli wa CCM, Mzee Lowassa wa CHADEMA akiwa na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, nyuma yake, na Mama Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo.

Kipimo changu cha kwanza ni gunia. Mliozaliwa mjini vumilieni kidogo.

Dalali anafika shambani na vijana wake na magunia yake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Ungedhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Kijana anachomoa shazia, anapitisha kamba kwenye pindo la gunia, anazungushia wavu juu yake, halafu anapanga viazi kimoja kimoja kwa mkono, vikubwa pembeni, vidogo katikati, anapigilia kwa kiganja, anapanda tena. Linasimama kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Wewe mwenye shamba umesimama pale unaangalia mali yako inashonewa kilemba na huwezi kusema neno, kwa sababu ukisema, Fuso inaondoka kwenda kwa jirani na viazi vyako vinaanza kuota kijani juani.

Mwezi wa saba niliazima mzani wa jirani nikapima gunia moja kabla halijapakiwa. Kilo 146. Kisheria gunia lisizidi kilo 100, na nalipwa bei ya gunia moja. Niliuza magunia 60. Kama yote yalikuwa na kilemba kile, basi nimegawa bure kilo 2,760, yaani magunia 27 na ushei, kwa watu wa Dar nisiowajua hata jina. Mbolea ya hizo kilo nililipa mimi. Dawa ya ukungu nilipiga mimi.

Sheria ya vipimo ipo siku zote. Kinachokosekana ni mtu wa kuisimamia bila kupokea simu ya mkubwa. Ndipo nilipoanza kuwatazama wagombea kwa jicho hilo: nani ana historia ya kushika sheria iliyolala kabatini akaiamsha, hata ikiwaudhi watu?

Magufuli anayo. Meli ya kigeni iliyokamatwa 2009 ikivua samaki kwetu bila kibali, yeye akiwa Waziri wa Uvuvi, mnaikumbuka. Alama za X za bomoabomoa kwenye hifadhi ya barabara mnazikumbuka, wengine ziliwaliza. Lowassa naye simnyimi haki yake: mwaka 2005 akiwa Waziri wa Maji ndiye aliyetangaza kuvunjwa kwa mkataba wa City Water pale Dar, na "maamuzi magumu" ulikuwa wimbo wake kabla hajahamia upinzani. Hapa nawapa wote maksi, Magufuli kidogo zaidi.

Barabara sina haja ya kuwachosha. Lami imepanda mlima hadi Chunya, kilometa 72. Tunduma hadi Sumbawanga mnapita wenyewe. Iringa hadi Dodoma, kilometa 260 zilizokuwa siku nzima ya vumbi na kutapika, ndiyo hizo zinakamilika. Waziri wa Ujenzi alikuwa nani?

Kwenye shule Lowassa ananishika pabaya. Binti yangu yuko kidato cha pili shule ya kata, na shule hizo zilipasuka kila mahali alipokuwa Waziri Mkuu, kuanzia 2006. Walizicheka sana, wakaziita majina. Lakini kabla yake mtoto wa mkulima wa viazi akifaulu darasa la saba, nafasi zilikuwa chache kama meno ya mtoto mchanga. Leo anavaa sketi ya shule na kutembea dakika ishirini. Mwalimu wa hesabu hana, ni kweli, ila shule anayo. Na sasa anasema elimu, elimu, elimu, hadi chuo kikuu bure. CCM nao wanasema bure mpaka kidato cha nne. Mimi ahadi ndogo huwa naiamini zaidi kuliko kubwa.

Halafu usafi. Hapa ndipo nilipokosa usingizi. Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme iliyomng'oa Lowassa uwaziri mkuu, mnaijua, sirudii. Nyumba za serikali zilizouzwa wakati Magufuli yuko Ujenzi mnazijua pia, na hazijapata jibu la kuniridhisha. Sasa mtu aliyenifundisha kumwita Lowassa fisadi ni nani? Ni Dk. Slaa, pale Mwembeyanga, 2007, na orodha yake ya mafisadi. Niliamini, nikampigia kura kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka huu nikaambiwa nilichofundishwa nikisahau. Slaa mwenyewe kashindwa kusahau, tarehe mosi Septemba kaaga siasa. Profesa Lipumba naye kaacha uenyekiti wa CUF, chama mwenza ndani ya UKAWA. Mwalimu akitoka darasani, mwanafunzi abaki anaandika nini?

Kwa hiyo Jumapili ijayo: urais Magufuli, ubunge Sugu, udiwani nitaangalia mtu. Rais wa kusukuma, mbunge wa kumpigia kelele akisukuma vibaya.

Semeni.

---

Kamanda wa Forest – saa 2:31 usiku

Umeandika gazeti zima kutuambia umerudi kwa magamba wa CCM. Ungesema kwa mstari mmoja tungekuelewa.

---

Kamanda wa Forest – saa 2:58 usiku

Haya, nimetulia, nimekunywa chai. Nijibu hivi.

Lumbesa unayoililia imeanza lini na chini ya chama gani? Miaka 54 tangu uhuru, mkuu, na CCM na mama yake TANU ndio waliokuwa wameshika mzani wote huo muda. EPA, Escrow, vijisenti, hela ya mboga, hizo kashfa zote za fedha ni za nani? Magufuli alikuwa ndani ya baraza lile lile tangu 1995, akiwa naibu waziri, kisha waziri. Miaka ishirini. Hata siku moja hukumsikia anasimama bungeni kusema hii Escrow hapana.

Wewe unalinganisha mtu na mtu. Sisi tunalinganisha mfumo na mfumo. Hata umpe malaika hiyo kofia ya kijani, akifika Dodoma atakuta wenye chama wanamsubiri. Rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba walifanyaje? Jaji kazunguka nchi nzima, wananchi wakasema, Bunge la Katiba likaichana, tukabaki na Katiba Inayopendekezwa ambayo hata kura ya maoni ya 30 Aprili mwaka huu wameshindwa kuiitisha. UKAWA ilizaliwa humo, siku ile wajumbe walipotoka ukumbini. Ukitaka sheria yako ya magunia isimamiwe, anza na katiba inayomfanya rais aogope kitu.

Kuhusu Richmond: mahakama ipi imemtia hatiani? Kajiuzulu Februari 2008. Miaka saba na zaidi, polisi wao, TAKUKURU yao, waendesha mashtaka wao. Kwa nini hawakumpeleka?

---

Jembe la Mbozi – saa 3:05 usiku

Hapa Kazi Tu. Umemaliza kila kitu mleta mada. Ila hiyo ya Sugu umechemka. Unampa dereva gari halafu unamfunga mkono mmoja?

---

Dereva wa Tunduma – saa 3:40 usiku

Mimi naendesha semi Dar–Tunduma mwaka wa kumi na moja huu. Nimesoma mpaka "sheria iliyolala kabatini akaiamsha" nikacheka peke yangu hapa kwenye kabini.

Aliiamsha kweli. Oktoba 2013 alifuta ule msamaha wa uzito kuzidi kwa asilimia 5 kwenye mizani. Kwa ambao hamjui: gari la ekseli saba mwisho ni tani 56 na mzigo wake. Ule msamaha ulikuwepo kwa sababu mzigo unahama njiani. Unapima Dar uko sawa, ukipanda mlima Kitonga, mzigo umeegemea nyuma, ekseli moja inazidi, na siyo kosa lako. Wamiliki wakagoma, malori yakapanga mstari. Mimi nililala kwenye foleni, nimeishiwa maji, naoga kwa kitambaa. Ikabidi Waziri Mkuu Pinda aingilie kati ndipo tukatembea.

Kwa hiyo mkuu wa viazi, huyo mtu atakusaidia siku sheria ikiwa upande wako. Siku ikiwa upande wa pili atakuponda na viazi vyako. Tingatinga halina kioo cha nyuma.

Na Tunduma–Sumbawanga usimpe sifa bure. Ile ni hela ya Wamarekani, MCC, kilometa 224. Kibao kilikuwepo pale.

---

Mviringo wa Uyole – saa 3:52 usiku

@Dereva wa Tunduma, hiyo ya kioo cha nyuma nimeicheka ila imenichoma. MCC nakubali, nilikuwa najua nikajifanya sijui.

---

Mzee wa Ilula – 18 Oktoba 2015, saa 12:20 asubuhi

Kamwene wanangu. Nimeamka kumwagilia nyanya nikakuta mmekesha.

Mimi ni wa zamani kidogo. 1995 nilikuwa kwenye uwanja Iringa mjini, Mrema akabebwa juu juu na watu wakasukuma gari lake kwa mikono. Niliapa kwamba CCM imekwisha. Mkapa akapata asilimia 61 na ushei, Mrema 27. Tangu siku ile sihesabu vichwa uwanjani. Hayo mafuriko yenu ya watu mikutanoni mwaka huu nayatazama kwa heshima lakini simo.

Huyu Magufuli hapa Iringa tunamjua kabla hajawa waziri. Kasoma Mkwawa, sekondari ya juu na baadaye ualimu, kemia na hesabu. Mtu aliyevumilia baridi ya Mkwawa ya Juni na Julai na maharage yake, namheshimu kwa hilo peke yake. Sisemi ndiyo sababu ya kumchagua.

Lowassa nampenda kama mtu. Lakini nilikwenda kumsikiliza, nimesimama juani saa nne, kaongea hata dakika kumi hazikufika. Sisi wazee tunapenda mtu akueleze. Huku mwenzake anapiga pushapu jukwaani kuonyesha ni mzima. Hiyo nayo ni aibu, rais siyo mcheza ngumi. Lakini ujumbe umefika, tusidanganyane.

Nyanya zetu nazo zina lumbesa yake, mleta mada. Tenga linajazwa mpaka linakuwa na mlima, halafu bei ni ya tenga. Tofauti ni kwamba nyanya haikusubiri ugome, siku ya tatu imeoza.

---

Msomi wa Iyunga – saa 3:10 asubuhi

Shikamoo mzee wangu wa Ilula. Hii ingekuwa kura yangu ya kwanza. Nilijiandikisha chuoni Mbeya, sasa niko nyumbani Makete na chuo hakijafunguliwa. Kura inapigwa pale ulipojiandikishia. Nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya karatasi tatu sina, na nikifika nitalala wapi.

Mnabishana nani bora, mimi natafuta lifti.

---

Mzee wa Ilula – saa 3:25 asubuhi

Marahaba mwanangu. Pole sana.

---

Dereva wa Tunduma – saa 3:33 asubuhi

Dogo wa Makete, Jumamosi nitakuwa napandisha natokea Dar. Kama utashuka mpaka Makambako nitumie ujumbe wa faragha, Mbeya tutafika jioni. Sikuulizi unampigia nani.

---

Binti Kyela – saa 5:02 asubuhi

Mada imejaa wanaume na malori. Nipisheni.

Kaka Mviringo, Mama Mghwira umemtaja kwenye kichwa cha habari, ukamtaja tena kwenye utangulizi, halafu kapotea kama sukari kwenye chai. Ulimpima kwa kipimo gani? Hata gunia hukumpa. Ndiye mwanamke pekee kati ya wanane. Chama chake ndicho kilichowaambia viongozi watangaze mali zao hadharani, na Juni kikaja na Azimio la Tabora kuhuisha miiko ile ya Azimio la Arusha. Wewe unasema usafi umekunyima usingizi, halafu aliyekuja na sabuni humuulizi jina.

Na kwa Kamanda: sisi wa Kyela usituambie Richmond ni uvumi. Kamati Teule ya Bunge iliongozwa na mbunge wetu, Dk. Mwakyembe. 2006 nchi ilikuwa gizani kwa mgawo, ikaitwa kampuni ya kuleta megawati 100, na umeme haukuja kwa wakati. Ripoti ilisomwa bungeni, nchi nzima tulikuwa kwenye redio. CHADEMA ndio walioshangilia kuliko wote. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nilijifunza neno "uwajibikaji" wiki ile.

Swali lako la mahakama ni zuri lakini lina pande mbili. Kama CCM hawakumpeleka mahakamani kwa sababu walikuwa wanamlinda, basi walikuwa wanamlinda huyo huyo unayetaka nimpe nchi.

---

Kamanda wa Forest – saa 5:20 asubuhi

Dada umenipiga na kitu kizito. Ila kura ya Mghwira ni kura ya Magufuli. Hakuna duru ya pili nchi hii. Anayemzidi mwenzake hata kwa kura moja kachukua, na akishatangazwa hakuna mahakama ya kuhoji, ibara ya 41 ya Katiba imefunga mlango. Wenzetu Kenya 2013 walikwenda angalau Mahakama ya Juu kusikilizwa. Sisi goli likiingia kwa mkono, kama Nape wa CCM alivyotuahidi, refa kapuliza imekwisha.

---

Binti Kyela – saa 5:31 asubuhi

Kwa hiyo nichague ninayemwogopa kidogo ili nisimsaidie ninayemwogopa zaidi? Nitakuwa napiga kura hivyo mpaka lini? Nina miaka 23, kaka.

---

Mama Mwanjelwa – saa 8:47 mchana

Mimi sina maneno mengi niko na wateja. Soko letu liliungua 2006 nikabaki na deni la mtaji wa watu na funguo za kibanda ambacho hakipo. Hizo funguo bado ninazo. Waliokuja kutupa pole walikuwa wengi, wa kila rangi ya kitenge. Lowassa anasema mama ntilie na bodaboda wasibughudhiwe. Nampa huyo. Nikikosea nitakosea mwenyewe.

---

Jembe la Mbozi – saa 9:15 alasiri

Mama, Magufuli naye kasema wafanyabiashara wadogo wasisumbuliwe na ushuru mdogo mdogo. Na milioni 50 kila kijiji. Msome ilani.

---

Mama Mwanjelwa – saa 9:19 alasiri

Mwanjelwa siyo kijiji baba.

---

Mviringo wa Uyole – saa 1:40 usiku

Nimetoka shamba, nimesoma yote. Nijibu ninayoweza.

Binti Kyela, umenikamata. Mama Mghwira sikumpima. Ukweli ni kwamba nilimwondoa kwa sababu aliyoisema Kamanda, kwamba hawezi kushinda, halafu nikaona aibu kuiandika. Miiko yake naikubali kuliko ya hao wawili. Ningekuwa na kura mbili za urais moja ingekuwa yake. Nina moja.

Kamanda, hoja ya mfumo ndiyo iliyonitesa, kuliko ya Richmond. Ningekuwa nakuamini kwamba mnabadilisha mfumo kama msingemchukua mtu aliyelelewa na mfumo huo huo mkamweka mbele. Julai, wajumbe wa CCM Dodoma wanaimba wana imani na Lowassa. Mwezi haujaisha, tarehe 28, yuko kwenu na kadi mpya. Wale wale walioimba wengi wamebaki ndani. Sasa mfumo umehama au umegawana vyumba? Mngemsimamisha Slaa, hata kama angeshindwa, nisingeandika haya. Ningekuwa nazungusha mikono mpaka bega liteguke.

Jembe, kumfunga dereva mkono mmoja ndicho ninachokitaka. Umesoma alichoandika Dereva wa Tunduma? Mtu anayeponda namna ile anahitaji mtu wa kumpigia kelele. Pinda alimzuia mwaka 2013 kwa sababu alikuwa na mkubwa juu yake. Akiwa rais nani atamzuia? Ndiyo maana Sugu. Mbeya hatukumpeleka bungeni akapambe viti.

---

Kamanda wa Forest – saa 1:55 usiku

Yaani unajua anahitaji kuzuiwa na bado unampa. Haya. Tukutane mita 200 toka kituoni, kulinda kura.

---

Mzee wa Ilula – saa 2:10 usiku

Pigeni kura mrudi nyumbani wanangu, hizo mita 200 msije mkapigwa virungu bure. Nyanya hazijui kulinda kura na bado zinaoza.

---

Msomi wa Iyunga – 25 Oktoba 2015, saa 7:30 mchana

Nimepiga. Asante kaka Dereva, na yule mama wa Mafinga uliyempakia na kuku wake. Foleni saa tatu, mbele yangu bibi kizee kashikwa mkono na mjukuu, anasema kwa sauti chama anachokitaka, msimamizi anamwomba anyamaze, yeye anazidi kukitaja.

---

Mviringo wa Uyole – 25 Oktoba 2015, saa 11:05 jioni

Nami tayari. Nilifika kabla ya saa moja asubuhi nikakuta watu thelathini mbele yangu. Karatasi ya urais nimeishika muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Picha zao zote ziko pale, Mama Mghwira ananitazama. Nimeweka vema pale pale nilipoandika humu. Ya ubunge sikuchukua hata sekunde.

---

Jembe la Mbozi – 29 Oktoba 2015, saa 11:48 jioni

Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Kazi imeanza.

---

Kamanda wa Forest – 29 Oktoba 2015, saa 12:30 jioni

Mzee Lowassa kayakataa matokeo, nami nayakataa. Mbeya Mjini Sugu kapita na hiyo hamtuibii. Sina la kuongeza leo.

---

Dereva wa Tunduma – 2 Machi 2019, saa 4:12 usiku

Nafukua kaburi, mniwie radhi. Niko Tunduma forodha inasubirisha, nimeukuta huu uzi.

Mleta mada uko hai? Jana Lowassa karudi CCM, kasema karudi nyumbani. Kamanda wa Forest namwonea huruma hata kumtaja. Na wewe pia nina swali lako. Rais uliyempa na mbunge uliyempa ili apige kelele: mbunge kapiga kelele, Februari mwaka jana mahakama hapo hapo Mbeya ikamhukumu miezi mitano kwa maneno aliyosema jukwaani dhidi ya rais. Katoka Mei kwa msamaha wa rais huyo huyo. Hesabu yako ya dereva na mkono mmoja ilikaaje?

---

Mviringo wa Uyole – 3 Machi 2019, saa 2:20 usiku

Niko hai, kaka. Siku ya hukumu nilikuwa mjini kununua mbolea, nilipita karibu na mahakama, askari wamejaa, maduka ya jirani nusu yamefungwa. Nilisimama upande wa pili wa barabara na mfuko wangu wa CAN. Sikujua nimwangalie nani, maana kura zangu mbili zilikuwa zinashtakiana mle ndani.

Nisiseme uongo, elimu bila malipo ilikuja, Januari 2016, binti yangu kamaliza kidato cha nne bila ada. Milioni 50 za kila kijiji, shemeji yangu wa Isongole bado anazisubiri. Mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku, kwa hiyo hata kelele nilizozipigia kura zimekosa mahali pa kupigiwa. Ulisema tingatinga halina kioo cha nyuma. Nilicheka ile siku.

Kamanda wa Forest nilikutana naye Krismasi. Hatukuongea siasa, alininunulia soda.

Umeuliza hesabu. Wiki iliyopita nimeazima tena mzani wa jirani, ule ule. Walipita kweli watu wa kukagua magunia barabarani, mwaka mmoja hivi, vilemba vikafupika. Gunia la juzi lilisoma kilo 131.